Dawa ya Uyoga na Moyo wa Rohan

Dokta Lorna Pascoe alikuwa daktari wa pekee katika mji mmoja wa wakulima wa ngano, kule Mallee, Australia. Aliwazalisha watu wa mji ule, akawashona majeraha, na wengine akawafumba macho. Kwa hiyo Rohan Teasdale alipoketi mbele yake, Lorna hakumwona mgonjwa. Alimwona mtoto aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe.

Rohan alikuwa na huzuni isiyosikia dawa. Alibadilishiwa vidonge hadi vya kubadilisha vikaisha. Sasa kliniki moja ya Melbourne ilikuwa tayari kumpa dawa itokanayo na uyoga, ile inayomtoa mtu katika ulimwengu huu kwa saa chache huku mtaalamu ameketi kando yake. Lakini kwanza aachishwe vidonge vya zamani, polepole, na kazi hiyo ilikuwa ya daktari wa nyumbani.

"Nimelima ngano maisha yangu yote, kumbe dawa iko kwenye uyoga!" Rohan alisema.

"Nikusikie unazunguka malishoni na kikapu, utanitambua," Lorna akamjibu.

Akampunguzia vidonge wiki baada ya wiki. Moyo hakumpima. Ampime nini mtu anayebeba kondoo dume begani?

Vidonge vilipokwisha, Rohan alikonda na usingizi ukamkimbia. Mashine yake ya kuvunia ilibaki imesimama katikati ya ngano iliyoiva. Majirani walikuja kumsaidia; hakutoka nje. "Navumilia, Dokta," alisema kwenye simu. "Melbourne wananingoja."

Melbourne walimpima moyo siku ya kwanza, wakamrudisha nyumbani. Daktari wao akampigia Lorna simu.

"Mapigo ya moyo wake yana hitilafu. Dawa hii inaweza kumuua. Hukumpima kabla ya kumwachisha vidonge?"

"Sikumpima," Lorna alisema.

Aliendesha gari hadi shambani jioni ileile. Rohan alikuwa jikoni, buti miguuni, chai imepoa mbele yake.

"Wamesema utanieleza wewe."

Lorna akamweleza, na kosa lake hakulificha. Rohan alisikiliza hadi mwisho.

"Umenivua koti, Dokta, halafu umenifungia mlango nje kwenye baridi."

"Ndiyo. Nipe ufunguo wa kasha la bunduki."

"Na mbweha je? Watamaliza wanakondoo."

"Waache wale."

Rohan akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akauchomoa ufunguo mfukoni na kuusukuma mezani. Lorna hakuuchukua.

"Bunduki zote zimo kashani?"

Mbwa alijikuna chini ya meza.

"Rohan. Zote zimo?"

Rohan akainuka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na bunduki fupi iliyofungwa kwenye gunia. Akaiweka mapajani mwa Lorna kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

Lorna alimpigia simu dada yake Rohan aliyeko Adelaide; angefika kesho. Akamwekea Rohan kidonge cha zamani kiganjani. Kingehitaji majuma kadhaa kushika tena, kama kingeshika.

"Nitalala kwenye kochi," alisema.

"Kochi ni la mbwa."

"Basi atasogea."

Rohan akameza kidonge kwa chai ile baridi. Lorna akavua viatu, gunia bado mapajani.