Mtu Aliyekuwa Swichi ya Kijiji

Saa tatu asubuhi, Segundo Manuyama amesimama juu ya kigoda sebuleni kwa Bibi Etelvina Yuyarima, plaizi mkononi, tepu nyeusi ameing'ata kwa meno. Mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na sita, amesimama chini yake, mikono kiunoni.

"Ukitoboa ukuta wangu na mimi nakutoboa," anamwonya.

"Mama, tundu lenyewe dogo kuliko la panya wako."

"Panya wangu hawaji na plaizi."

Anachofunga ni swichi ya taa. Hii ni nyumba ya thelathini na moja, na ya mwisho, katika kijiji cha Puerto Huayruro kando ya mto Marañón, siku mbili kwa meli kutoka mji wa Iquitos.

Kwa miaka ishirini na mbili kijiji hiki hakikuwa na swichi hata moja, wala hakikuihitaji. Swichi ilikuwa Segundo. Saa kumi na mbili na nusu jioni aliwasha jenereta ya dizeli, nyumba zote zikawaka kwa mpigo. Saa tatu na nusu usiku aliizima, na nyumba zote zikawa giza. Dakika kumi kabla ya kuzima alizipepesa taa mara tatu, ili watu wamalize domino, wakunje nguo, na wachumba waagane.

Kwa kazi hiyo alilipwa soli, fedha ya huko, mia moja na hamsini kwa mwezi, dizeli ikipatikana. Isipopatikana, alilipwa matusi.

Machi mwaka huu zikaja paneli za sola na betri zake, umeme wa saa ishirini na nne, pamoja na friji ya chanjo ya zahanati. Mafundi kutoka mjini waliunganisha waya zilezile za zamani, wakapiga picha na watoto, wakaondoka. Hawakuuliza habari za swichi. Na wanakijiji hawakusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinachokosekana.

Usiku wa kwanza watu walingoja taa zipepese. Hazikupepesa. Kuna aliyeifunika balbu yake kwa sufuria ili apate usingizi. Kabla hakujapambazuka betri zilikuwa zimekwisha, na friji ya zahanati ikazimika nazo. Ikawa hivyo usiku wa pili, na wa tatu. Dozi kumi na nne za chanjo za watoto zikaharibika.

"Nililia," anasema Segundo, mwenye miaka sitini na moja, bila kuficha. "Enzi za dizeli friji hatukuwa nayo, kwa hiyo hata cha kuharibu hatukuwa nacho."

Kwenye mkutano, wengi walitaka Segundo awe anakata umeme wote usiku, kama zamani. Mwenyekiti wa kijiji, Isolina Tapayuri, nusura akubali.

"Tulishamzoea," anasema. "Mambo yakiharibika, ni rahisi kumlaumu Segundo kuliko kujilaumu sisi."

Segundo alitia ngumu. Akikata umeme wote, friji nayo inazimika; alitaka kila nyumba ifungiwe swichi yake. Lakini alikuwa na sababu nyingine, na hii aliisema kwa sauti ya chini.

Binti yake, Rosilda, anaishi Iquitos. Alipohitimu uuguzi, Segundo hakwenda. Alipoolewa, hakwenda. Angekwenda, kijiji kingekaa gizani. Februari Rosilda alijifungua mtoto wa kike, na Juni ishirini na nne, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mtoto anabatizwa.

"Nilimpigia simu nikamwambia nakuja," anasimulia. "Akaniuliza, 'Baba, hii ni mara ya ngapi?' Nilishamwahidi hivyo kabla ya mahafali na kabla ya harusi."

Isolina alimpa ruhusa kwa sharti moja: asiondoke mpaka kila nyumba iweze kuzima taa yake yenyewe. Ikiachwa nyumba moja ikiwaka usiku kucha, anasema, baada ya mwezi zitakuwa kumi. Meli inapita kesho adhuhuri, na kwa wiki tatu Bibi Etelvina amekuwa akimfungia Segundo mlango.

Leo amemfungulia, lakini moyo wake bado haujakubali.

"Mume wangu alikufa, watoto wakahama," anasema, macho yakiwa kwenye balbu. "Taa ikipepesa, nilikuwa najua yupo mtu anayeniaga. Sasa nani ataniambia saa ya kulala?"

Segundo anashuka kwenye kigoda.

"Utalala ukisikia usingizi, mama."

"Na nisipousikia?"

"Utakesha na redio yako. Umeme upo."

Bibi anafikiri. Kisha anaelekeza kidevu kwenye swichi. "Haya, bonyeza."

"Bonyeza wewe. Mimi kesho nasafiri."

Anabonyeza kwa kidole gumba, uso ameugeuza pembeni. Taa inazimika. Anabonyeza tena, inawaka. Anarudia mara nne.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Ndiyo kazi tuliyokuwa tunakulipa miaka ishirini na mbili?"

Segundo anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini njiani kuelekea nyumbani anapunguza mwendo.

"Amenichoma kidogo," anakiri. "Nimewafundisha wote kuishi bila mimi. Nafurahi, na inaniuma."

Atakaporudi, kijiji kimeshamwandalia kazi ya kufuta paneli na kukagua betri. Kwa sasa Isolina amejifunza kusoma mita. Mzigo wa safari uko tayari: samaki waliokaushwa, unga wa muhogo na kitanda kipya cha bembea cha kulalia melini.

Anasema atakaa kwa Rosilda wiki tatu. Mkewe, Nelith, anayesafiri naye, haamini.

"Huyu? Siku ya pili tu ataanza kuzunguka nyumba ya watu akizima taa."

Segundo anatikisa kichwa.

"Hapana," anasema. "Nataka nilale kwa mwanangu, taa ikiwaka, taa ikizimika, isiwe shauri yangu."