Ndara za Wageni

Mkuu wetu wa chuo hugonga mihuri kutwa, na kabla ya kila karatasi hupuliza vidole, kana kwamba bado vina vumbi la maabara ya fizikia aliyoiacha. Mimi katibu wake nimezoea. Saa ya chakula yeye hushuka huko maabara, huvua viatu mlangoni, huvaa ndara zake kuukuu zilizotobolewa na asidi, kisha huweka kiganja juu ya pampu aliyoiunda mwenyewe ujanani, akaisikiliza. Jana nilimsindikiza, na ndara hazikuwepo.

"Samahani, Mkuu, tumezitupa, zilichakaa mno," alisema mwanafunzi Kurihara. "Vaa hizi za wageni."

Nilitamani kumzaba kofi. Mkuu alicheka, akazivaa. Akasimama mbele ya pampu, mikono nyuma.

"Naruhusiwa kuigusa?" akauliza.