Kulala Mara Mbili Njiani

Mimi simwamini mtu anayejibu upesi. Mwanamume aliyekuja kuniposa kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, katika miaka ya hamsini, alijibu upesi kila kitu. Alikuwa fundi seremala, mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kazi yake ilikuwa Leopoldville. Mama alipomuuliza huko ni mbali kiasi gani, alisema tukishafika Elisabethville kwa lori la samaki tutapanda treni, tutalala njiani mara mbili, tumefika.

Mama alifurahi. Kulala mara mbili si kitu, na papo hapo akapanga kuja kunitembelea baada ya kuvuna mihogo. Mimi nilimtazama tu yule bwana. Viatu vyake vilikuwa vizuri mno, na haraka yake ilikuwa kubwa mno. Kwetu mkwe hukaa kwanza kwa wakwe, akalima, ikaonekana tabia yake. Yeye alisema kazi haimngoji, tuondoke wiki ile ile. Nikajiambia, huyu ana mke mwingine huko, au hana kazi kabisa. Mama aliniambia nina roho ya mashaka, na kwa roho hiyo nitazeeka bila mume. Iliniuma, maana nami nilitaka kuolewa.

Basi nikaanza kukausha samaki wa safari. Samaki wa kuliwa kesho au keshokutwa tunampa moshi wa usiku mmoja, nyama inabaki laini. Wa kwenda mbali anarudishwa juu ya moto mpaka akakamae. Nikamuuliza mchumba wangu anataka wakaushwe vipi. Tulisemezana kwa Kiswahili cha kuuzia samaki, maana Kibemba hakukijua.

"Kausha nguvu," akasema. "Upitishe mu moshi mara mbili, hata mara tatu."

Njia ya mwongo ni fupi. Niliweka chini kuni nilizoshika, nikamwambia kwamba samaki wa moshi mara tatu si wa mtu anayelala njiani mara mbili. Mama alikuwa karibu akimenya mihogo. Akaacha.

Ndipo yule bwana akasema kweli. Treni haifiki Leopoldville. Inakwenda siku kadhaa, inaishia mtoni, halafu unapanda meli, siku nyingi tena, na maji yakipungua meli hukwama mchangani. Kazi ilikuwepo, na mke mwingine hakuwako. Alificha urefu wa safari tu, kwa kuogopa tungemkataa. Hasira ilinipanda, zaidi kwa sababu nilikwisha anza kumhurumia.

Lilibaki swali moja.

"Mama akikufa, nitafika wakati gani?"

Alihesabu polepole kwa vidole, midomo ikicheza, siku za meli, treni, lori na mtumbwi.

"Utakuta bamekwisha kumuzika," akasema. "Na kilio kimeisha, batu bamerudia kwabo."

Mama alisema safari ni safari, niende tu. Sauti yake haikuwa na nguvu. Nami nilijua kwamba mtu aliyeweza kunipa jibu lile angekuwa mume mwema. Hata hivyo nilimwambia aende salama, mimi nitabaki na mama.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipogombana alinikumbusha kwamba bado hajafa.