Siku Niliyotoa Mkono Kwenye Honi

Jamani, hii aibu nimeikalia muda mrefu, na kama si Pendo wa kwaya kuanza kuwasimulia nusunusu ningeendelea kuikalia, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe, mcheke mkimaliza, tuendelee na chai.

Mnajua napiga honi kwenye bendi ya matarumbeta pale kanisani Kamunyonge, ile yenye bomba lililojizungusha ambayo wenzangu wanaiita konokono. Tarumbeta zinatazama mbele na kuwachoma watu masikioni, tromboni zinavutwa na kusukumwa watu wanashangilia, besi inatikisa vikombe mezani, lakini honi kinywa chake kinatazama nyuma, na mkono wa kulia unauingiza humo kama mtu anayetafuta kitu mtungini, ili sauti itoke laini. Kazi yake ni kukaa katikati, kuwaunganisha walio juu na walio chini. Ni kazi nzuri, ila haina shukrani. Kwenye harusi moja Bunda mama mmoja alinifuata tukiwa tunakula, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, chako kimeharibika? Naonaga mashavu yanajaa, lakini sisikii kitu."

Wenzangu walicheka njia nzima mpaka Musoma. Mwalimu Magesa, kiongozi wetu, hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Nyangeta," alisema garini, "Jumamosi tuko Butiama. Wakiuliza tena hivyo, honi inarudi stoo, nakupa tarumbeta. Siwezi kubeba chombo cha maonyesho." Mimi tarumbeta siitaki. Naipenda honi hata inavyonitesa (noti zake zimebanana, midomo ikiteleza kidogo unaangukia ya jirani), na wiki nzima nililala na hofu ya kunyang'anywa.

Basi, Butiama. Turubai lilifungwa uwanjani kwa kina bibi harusi, na nyuma ya bendi palikuwa na mteremko unaoshuka mpaka kwenye malisho. Bibi harusi alichelewa kuvaa (kama wote), na MC, ili watu wasichoke, akataka kila chombo kisalimie wageni peke yake. Tarumbeta ikasalimia, vigelegele. Tromboni, vigelegele. Besi ikafanya hata wazee wainuke kucheza.

"Sasa tumsikie dada wa konokono!"

Nikasimama mbele, nikawatazama wageni, nikapiga. Baba mmoja wa meza ya mbele aliendelea kufungua soda yake, na Mwalimu Magesa akaanza kutazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo sana. Nikatoa mkono kwenye kinywa cha honi. Sauti ikatoka kavu, kali, pembe tupu, nami nikaona naam, hii ndiyo walikuwa wanaitaka, nikavuta pumzi nikapiga noti moja ndefu, nikairudia, nikairudia tena. Na kweli watu wakaanza kutazama. Yule wa soda akaiweka chini. Wengine wakasimama! Nikajisemea, Nyangeta, leo umewaweza, nikafumba macho nikaongeza pumzi (ningefumbua mapema ningeona kwamba hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu).

Nilichosikia kwanza ni vishindo, halafu kelele. Kugeuka, wanaume wanapanda mteremko mbio, fimbo mikononi, mapanga, mmoja na upinde kabisa, jasho linawatiririka.

"Wameelekea wapi?" huyo wa upinde alipaza sauti.

Kwa msiojua, kule ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, wito wa hatari, na watu wakisikia pembe inalia ndefu na kurudia, hakuna anayebaki nyumbani kuuliza maswali. Na honi yangu, bila mkono, kinywa kikiwa kimeelekea bondeni, ilikuwa imewaita wote.

"Nani amepiga mwano?"

Uwanja mzima ukaninyooshea kidole, MC akiwemo.

"Dada, wameiba ng'ombe wangapi?"

"Hakuna ng'ombe, kaka. Nilikuwa nasalimia wageni."

Ningeweza kuingia ndani ya honi ningeingia. Baba wa bibi harusi aliomba radhi, na kwa kuwa watu waliokukimbilia wakidhani una shida huwezi kuwarudisha na njaa, wakakaribishwa, wakapakuliwa pilau, na sufuria waliyomaliza ilikuwa ya bendi. Mwalimu Magesa aliniambia polepole, "Kaa pale. Usipige."

Bibi harusi akatoka, bendi ikaanza bila mimi. Sasa fikirini, sikuwa nimewahi kuisikia bendi yetu bila honi, maana siku zote nilikuwa ndani yake. Tarumbeta zilikuwa juu huko zinapayuka, tromboni chini huko zinanung'unika, na katikati patupu, kama mtu na mkewe waliogombana wanatembea njia moja. Nililia, nasema ukweli. Si kwa ajili ya wale watu na mapanga yao. Nililia kwa sababu pale palipokuwa patupu ndipo pangu, na nilikuwa nimepaacha nikatafute vigelegele.

Mwalimu Magesa akatupia jicho kiti changu. Akaendelea kidogo na wimbo, akatupia tena. Kisha akainua kidevu: ingia.

Nikaurudisha mkono wangu ndani ya honi, nikaingia. Hakuna mgeni hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Yule wa upinde aliendelea kula pilau letu.

Njiani kurudi njaa ilikuwa inatusema. Tulipokaribia Musoma Mwalimu akasema bila kugeuka, "Nyangeta, Jumatatu niletee honi."

Nikaikumbatia honi. "Inaenda stoo, Mwalimu?"

"Vitufe vyake vinakwama. Nataka kuvitia mafuta."

Tangu siku hiyo mkono wangu hautoki humo, hata MC apige magoti. Na nikiitwa kupiga Butiama, kabla sijavuta pumzi, nageuka kwanza nione nyuma yangu kuna nani.