Flashi ya Mama

Hasira zangu zinajulikana kuanzia Kibeta hadi Muleba, kwa hiyo sitajifanya mpole hapa. Nilimkasirikia mama mdogo, nikawakasirikia wanawake wa jumuiya, nikamkasirikia hata dada wa steshenari ambaye simjui kwa sura. Ila aliyekichoma kile kikaratasi ni mimi, kwa mkono wangu huu.

Kilikuwa kipande cha boksi la dawa. Nilipokuwa darasa la tatu, Mama alichomwa sindano ya penisilini, akavimba uso, pumzi ikambana, tukadhani amekwenda. Sista aliyemwokoa akamwandikia kwa kalamu nyekundu: "Asipewe penisilini. Itamwua." Mama hakujua kusoma, lakini alikifunga kwenye pindo la kanga yake, na kanga ikichakaa, kinahamia pindo jipya. Miaka yote hiyo hakuwahi kukipoteza.

Mimi nilikionea aibu. Nafanya kazi ofisini Bukoba mjini, nashinda mbele ya kompyuta, halafu nampeleka Mama kupimwa presha, naye anafungua pindo mbele za watu: punje za kahawa za kutafuna, msalaba wa rozari iliyokatika, na kikaratasi cheusi kwa jasho. Nikajitia ujuaji. Nikanunua flashi, nikaandika humo kila kitu: jina lake, kundi la damu, presha, penisilini, namba yangu ya simu. Nikaifunga kwenye utepe, nikamvisha shingoni.

"Sasa nimekuwa ng'ombe wa kuvishwa kengele," akasema, akicheka.

"Usiivue, Mae. Ukizidiwa, wanaichomeka tu kwenye kompyuta, wanasoma."

"Na kile kikaratasi?"

"Uchafu ule!" Nikakitupa motoni, chini ya chungu cha ndizi. Aliutazama moto kidogo. Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Tukala zile ndizi.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, tulipokwisha kuzika, kwa kuuliza kwa ukali. Kule kijijini flashi ni kitu cha nyimbo; kila nyumba inayo, imechomekwa kwenye redio. Jumuiya ya Mama ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu somo wao, wakataka nyimbo za kwaya, na flashi yao ilikuwa imekufa. Mama hakuwahi kumnyima mtu kitu, hata chumvi ya mwisho. Akaivua shingoni, akawapa. Dada wa steshenari akawaambia ina virusi, akauliza kama aisafishe yote kwanza. Nani anakataa kusafishiwa? Wakamwambia safisha. Baada ya sikukuu wakairudisha imefungwa kwenye leso safi, na shukrani nyingi, na Mama akaivaa tena akiamini maneno yake bado yamo, yamekaa chini ya nyimbo, kama nguo za zamani zinavyokaa chini ya sanduku.

Miezi michache baadaye akajikata mguu kwa jembe kibanjani, kwenye migomba yake. Akafunga kidonda kwa kitambaa, akaficha, maana hakutaka nisumbuke kusafiri. Mguu ulipovimba na homa kupanda, akaanza kuweweseka. Mama mdogo, aliyekuwa amerudi kutoka Karagwe baada ya kufiwa na mumewe, akatafuta bodaboda, akampeleka zahanati. Njiani akanipigia.

"Mama hajambo, mwanangu. Anakuulizia tu. Njoo."

Kwetu habari mbaya haipitishwi kwenye simu. Kila mtu anaijua hiyo "hajambo", na aliyeipokea haulizi, anavaa viatu. Mimi mwenye mdomo usio na breki, siku hiyo nilinyamaza kwa adabu. Sikuuliza anaumwa nini, wala wanakwenda wapi. Nilisema "Haya, nakuja," nikakimbilia stendi.

Muuguzi aliuliza inavyotakiwa: je, kuna dawa inayomdhuru mgonjwa? Mama alikuwa anaongea na marehemu mama yake, hamsikii mtu. Mama mdogo akamvua ile flashi, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, kila kitu kimo humu. Binti yake ameandika."

Muuguzi akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini. Akakuta nyimbo. Akashusha chini, akapandisha juu, akafungua mbili tatu, kwaya ikaimba. Akarudi kumwuliza mama mdogo kama hakuna kingine.

"Kama hakimo humo, basi hakuna," mama mdogo akasema. "Yule hasahau kitu."

Wakamchoma sindano.

Nilifika zahanati saa nane mchana, baada ya majirani kunielekeza. Muuguzi alikuwa mlangoni analia waziwazi, akaniambia wamejaribu kila kitu, na mimi namwamini. Mama alikuwa amefunikwa kanga yake mwenyewe. Nililishika pindo. Halikuwa na fundo.

"Penisilini," nikasema. Neno moja, linatoka kwa pumzi moja. Lingepita kwenye simu bila shida.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku hiyohiyo, na hadi leo ananifuata kila chumba. Nimeambiwa na padri, na majirani, kwamba ni mipango ya Mungu. Naitikia amina, siamini. Mungu alikuwa ameshapanga kwa kalamu nyekundu.

Msibani, jioni ya kwanza, wanawake wa jumuiya walikuja na redio. Wakakaa chini kwenye nyasi, wakanong'onezana, kisha mmoja akanijia taratibu.

"Pole, waitu. Ile flashi ya marehemu iko wapi? Nyimbo zote zimo."

Nilikuwa na matusi ya kutosha mdomoni. Nikaitazama sura yake, nikaona hajui lolote. Nikaingiza mkono mfukoni, nilikoiweka tangu zahanati, nikampa. Ikaimba siku mbili mfululizo mpaka tulipomzika, na haikukwama hata mara moja.