Gunia la Mawe Mepesi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Januari ile ya baada ya uchaguzi wa 2007, nilipokuwa bado na nguvu za kubeba na haraka ya kujibu. Jirani yangu Mama Mwende, mtu wa Kitui, aliuza mawe ya kusugulia visigino hapa Kawangware. Vurugu zilikuwa zimemfungia biashara, na watoto wake walilalia uji mwepesi. Tuliposikia mtaa jirani wa Gatina umetulia, nikambebea gunia lake twende kuuza.

Njiani vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe makubwa. Kiongozi wao, waliyemwita Kamanda, akauliza, "Mzee, umebeba nini?"

Mimi mtu wa kanisa sisemi uongo. Nikajibu, "Mawe."

Kweli mdomo huponza kichwa! Marungu yakainuka.

"Gunia mzima, na unabeba na mkono moja? Mnaenda kurushia nani?"

Mama Mwende akanitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi akitafuna kitabu cha nyimbo. Akachomoa jiwe, akalitupa katika karai la maji waliloliweka la kunawia macho, gesi ya machozi ya polisi ikizidi. Likaelea.

"Uchawi!" Kamanda akajificha nyuma ya wenzake.

"Uchawi gani, we kijana? Mlima ulilipuka zamani, ukatema mawe yaliyoyeyuka, yamejaa povu kama uji unaofurika. Yakapoa povu likiwa ndani. Ona vitundu! Ukimrushia mtu hili, atakuuliza bei." Mama Mwende akaligusa kwa kiatu jiwe la kizuizi. "Hata hili lenu lilitoka kwa mlipuko, lakini ni jivu lililoshindiliwa pamoja na vipande vya mawe mengine. Hili ndilo linaua. Sasa lete mguu. Nyufa hizo hata mende anaweza kupangisha chumba!"

"Kamanda, umeshikwa!" wenzake wakacheka hadi marungu yakashuka. Tulipopita, Kamanda alikuwa ameketi, mguu kwenye karai, na wengine wamepanga foleni wakingoja zamu ya kusugua. Jioni hiyo watoto wa Mama Mwende walikula ugali, Mungu ashukuriwe.

Lakini mimi nilikula maneno. "Baba Mutua," aliniambia, "ungesema ni ya visigino, ungekufa?"

Mwanangu, kutaja si kueleza. Msimu ule wengi waliumizwa kwa jina la kabila tu, bila mtu kuuliza walikuwa watu wa namna gani. Ukiulizwa juu ya kitu, sembuse binadamu, kishike kwanza, kipime uzito, kitazame ndani, ndipo useme, na useme yote. Mwenyezi Mungu akulindie ulimi, akujalie subira, na akufikishe nyumbani salama kila utokapo.