Siku Waliyopiga Windo Nyumbani Kwetu

Juzi nilipita kwenye kibanda cha fundi kompyuta hapa Bariadi mjini, nikamkuta anajaribu mashine kuukuu. Harufu ya vumbi linaloungulia ndani, jamani! Nikazunguka soko zima mara mbili bila kununua kitu. Hata sasa naandika nikiinuka-inuka.

Baba alikuwa karani wa kununua pamba Kasoli. Kompyuta yetu aliinunua Mwanza, imeshatumika, ikaja juu ya lori imeviringishwa blanketi, na majirani wakaja kuitazama kama ndama mwenye vichwa viwili. Windo yake ya kwanza, ile programu inayoiendesha mashine, ilikuwa ya kijivu tupu. Misimu ikapita, baba akapiga nyingine, halafu nyingine tena, ile yenye picha ya kilima kibichi. Mimi nilijua ni malisho ya Bukundi baada ya mvua, nikatafuta ng'ombe humo, sikuwaona.

Kupiga windo kwetu kulikuwa kama kuhama. Kwanza baba anahamishia barua zake zote kwenye diski, anazipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, anasema, "Paa haliezuliwi watu wakiwa ndani." Ndipo ananiweka mbele ya kibodi. "Y ni kukubali, N ni kukataa." Halafu tunatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitazama asilimia inavyopanda, kama watu wanaomsubiri ng'ombe azae.

Mwaka alioumwa kifua akaandika wosia kwenye kompyuta hiyo: nyumba na shamba ni vya mama na watoto, na mimi nisomeshwe mpaka niseme basi. Alitusomea sebuleni, mdogo wake, Masunga, akiwapo, anaitikia kwa kichwa. Wino wa printa ulikuwa umekwisha. Baba akasema akipata nafuu ataufuata Mwanza. Hakupata.

Matanga hayajaisha, Masunga akaja na fundi wa Lamadi anayeitwa Jilala. Nawataja kwa majina, sioni haya. Mama alikuwa amekwenda kisimani.

"Mashine ya marehemu imejaa virusi, ng'wanone," Masunga akaniambia, sauti ya asali. "Mwanangu, tunaipiga windo mpya, uisomee."

"Tuhamishe kwanza, baba mdogo. Diski ziko kwenye kopo."

Jilala akacheka. "Injinia huyo! Diski siku hizi nani anatumia? Windo hii inatunza kila kitu yenyewe, binti."

Kioo kikageuka bluu. Maneno ya Kizungu yakajaa, mwisho wake swali. Nilikuwa darasa la sita. Kati ya yale yote nilijua mawili tu, Y na N. Jilala akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikunja kifuani.

"Bonyeza mwenyewe," akasema Masunga. "Si wewe uliyefundishwa na baba yako?"

Nikajisikia mkubwa. Nikabonyeza Y.

Kwenye kikao cha ukoo mama akautaja wosia. Mashine ikawashwa. Tupu, kama nyumba iliyofagiwa. Na kwenye diski za kopo wosia haukuwamo, maana baba aliuandika baada ya kuhamisha mara ya mwisho. Masunga akasimama, akaninyooshea mkono mbele ya wazee.

"Aliyefuta ni huyu. Muulizeni."

"Ulibonyeza?" wakaniuliza.

"Nilibonyeza."

Basi. Hakuna aliyeuliza nani alinituma. Pamba ya msimu ule ilichanua sisi tumeshatolewa nyumbani na shambani, na shule yangu ikaishia la saba. Mama hakunipiga. Bora angenipiga.

Miaka nilijilaumu. Nilishakuwa na watoto wangu, siku moja napepeta mchele, ikanijia, ungo ukanitoka mikononi. Jilala alikuwa fundi. Kubonyeza ndiyo kazi yake. Kwa nini aliondoa mikono? Wale hawakuhitaji mtu wa kubonyeza. Walihitaji mtu atakayeulizwa na wazee akajibu "ni mimi", na asiwe mwongo. Katika nyumba nzima, mtu wa namna hiyo waliyemwona ni mimi tu.